Siku ya Tano ni Ipi? Hesabu Iliyojificha Ndani ya Majina ya Siku

Juma la Kiswahili lina siku mbili za tano, tena zinafuatana. Jumatano haihitaji mkalimani: ni juma na tano. Inayoifuata, Alhamisi, ni neno la Kiarabu, na kwa Waarabu wenyewe maana yake ni siku ya tano. Ukitoka Jumatano kuingia Alhamisi umetoka tano ukaingia tano. Kisha inakuja Ijumaa ambayo haina namba kabisa, na baada yake tunaanza upya na mosi. Hiyo mosi, Jumamosi, ndiyo ile ile tunayoiita mwisho wa juma.

Wengi hulichukulia jambo hili kuwa kichekesho cha lugha, wakacheka na kuendelea na shughuli zao. Lakini halikomei kwenye kicheko. Humo ndimo wanamokwaruzana wanaobishana kama Sabato ni Jumamosi au Ijumaa. Humo ndimo mtu anamofungua kalenda ya simu akakuta juma linaanza Jumapili, mwenzake akafungua yake akakuta linaanza Jumatatu, na kila mmoja akaamini ya mwenzake ina hitilafu. Na Wakenya, wanaposikia kwamba uchaguzi mkuu wa 2027 utafanyika "Jumanne ya pili ya Agosti", wanaweza kufika kwenye tarehe mbili tofauti kulingana na wanavyohesabu. Tutafika huko.

Kwanza maneno yenyewe. Siku, katika makala hii, ni mzunguko mzima wa usiku na mchana, saa 24. Juma ni siku saba mfululizo. Wiki ni hilo hilo juma. Neno limetoka Kiingereza na limekaa kwetu muda wa kutosha kupata uraia. Wapo wanaoshikilia kwamba asemaye wiki anakiharibu Kiswahili na asemaye juma ndiye anayekienzi. Ubishi huo haunishawishi, maana juma nalo lilikuja kwa jahazi. Asili yake ni Kiarabu, shina lile lile lililotupa jamaa, jamii na jumuiya, na kote humo mna wazo la watu kukusanyika. Siku ya kukusanyika kwa sala ya adhuhuri ndiyo Ijumaa. Kwa hiyo juma na Ijumaa ni ndugu wa tumbo moja: mmoja amebaki kuwa jina la siku, mwingine amekuwa jina la kipindi kizima cha kutoka Ijumaa hii hadi ile. Anayetaka neno lenye mizizi ya Kibantu kwa siku saba atalikuta kwenye fungate. Leo twalijua kama siku za maharusi kukaa ndani, lakini katika lugha jirani kama Kizigua, saba yenyewe huitwa kwa neno la shina hilo.

Undugu huo wa juma na Ijumaa uuweke akilini. Ndio utakaofungua fundo.

Sasa namba. Mosi na pili ni hesabu ya zamani iliyobaki katika pembe chache za lugha: Mei Mosi, Idi Mosi, kumi na mosi, mara ya pili. Tatu, nne na tano hazikubadilika. Ndiyo maana Jumanne ina n mbili. Ni juma na nne, na anayeandika "Jumane" amekula herufi ya namba. Vijana wanaoandikiana J2, J3, J4 na J5 kwenye ujumbe wa simu mara nyingi hulaumiwa kwa uvivu, ilhali wao wameuona muundo wa majina haya waziwazi kuliko wengi wanaowalaumu.

Swali ni moja tu: hizo namba zinahesabiwa kutoka wapi?

Namba ya mpangilio haina maana mpaka ujue mwanzo wake. Nyumba moja inaweza kuwa ya tano ukihesabu kutoka msikitini na ya sita ukihesabu kutoka sokoni, kwa sababu soko liko nyumba moja nyuma zaidi. Aliyesema ya tano na aliyesema ya sita wote wako sawa, na nyumba haijahama. Majina ya siku ndivyo yalivyo. Kila lugha iliyozipa siku namba ilichagua kwanza siku moja kubwa, ikasimama hapo, ikaanza kuhesabu.

Kiarabu kilisimama kwenye Sabato. Siku hiyo, tunayoiita Jumamosi, kwa Kiarabu ni as-sabt, jina ambalo halina namba. Inayofuata ni al-ahad, ya kwanza, ndiyo Jumapili yetu. Kisha al-ithnayn, ya pili. Ath-thulatha, ya tatu. Al-arbiaa, ya nne. Na al-khamis, ya tano. Hesabu inaishia hapo kwa sababu inayofuata ni al-jumua, siku ya mkusanyiko, nayo haihitaji namba. Mpango huu unalingana na wa Kiebrania, ambako Jumapili huitwa siku ya kwanza na kuendelea hivyo hadi Sabato. Shina la al-khamis si geni kwetu pia: ndilo lililozaa hamsini, na ndilo liko katika majina ya watu kama Hamisi na Mwanahamisi.

Kiswahili kilisimama kwenye Ijumaa. Jumamosi ni ya kwanza tangu Ijumaa ipite, Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu, Jumanne ya nne, Jumatano ya tano. Ukiyasoma majina hivyo, hakuna kilichopinda. Juma lililomo ndani ya Jumamosi linakumbusha ile siku ya mkusanyiko iliyopita, na mosi inakwambia umekaa mbali nayo kwa siku ngapi. Wajemi nao wana muundo wa namna hii, ila nanga yao ni Sabato. Jumamosi kwao ni shanbe, kisha Jumapili ni yek-shanbe, moja baada ya shanbe; Jumatatu ni do-shanbe, mbili baada ya shanbe. Mji mkuu wa Tajikistan, Dushanbe, umebeba jina hilo hilo, Jumatatu, kutokana na gulio lililokuwa likifanyika hapo siku hiyo.

Ijumaa iko siku moja kabla ya Sabato. Kwa hiyo hesabu ya Kiswahili daima iko mbele ya ile ya Kiarabu kwa moja. Siku ambayo Mwarabu anaiita ya kwanza, sisi twaiita pili. Anayoiita ya pili, sisi twaiita tatu. Anayoiita ya nne, sisi twaiita tano. Tungeendelea hivyo hivyo, siku anayoiita ya tano tungeiita Jumasita. Hapo ndipo tulipoacha kuhesabu kwa namba zetu tukachukua jina la Kiarabu kama lilivyo, Alhamisi. Tano mbili zimekutana mahali pale hasa tuliporuka kutoka hesabu moja kwenda nyingine. Mshono huo ndio tunaouona kila juma.

Na kwa nini hatuna Jumasita? Jibu ambalo mimi huliona lina uzito liko kwenye miezi. Waswahili wa pwani wanaofuata kalenda ya Kiislamu hawahesabu mwaka wao kuanzia Muharram. Wanaanzia mara baada ya Ramadhani, mfungo ukishafunguliwa. Mwezi unaofuata Ramadhani ni Mfunguo Mosi, wengine husema Mfungo Mosi. Kisha Mfunguo Pili, Mfunguo Tatu ambao ndani yake mna Idi ya kuchinja, na kuendelea. Mfunguo Sita ndio wa Maulidi. Hesabu inakwenda hadi Mfunguo Tisa, halafu inakoma. Hatuna Mfunguo Kumi. Miezi mitatu inayobaki inarudi kwenye majina yake ya Kiarabu: Rajabu, Shaabani, Ramadhani yenyewe.

Tazama sasa juma kwa jicho hilo. Siku kubwa inapita, unaanza kuhesabu umbali wako kutoka kwake: mosi, pili, tatu, nne, tano. Ukianza kuikaribia tena, unaacha kutazama nyuma. Siku ya kizingitini inachukua jina lake la Kiarabu kama inavyochukua Rajabu na Shaabani, kisha siku kubwa yenyewe inaingia. Mwaka na juma vimepangwa kwa mkono mmoja. Alhamisi haikusahauliwa wala haikupachikwa kwa makosa na mtu asiyejua kuhesabu, kama wasemavyo wanaopenda kuicheka. Ni siku ya kuingojea Ijumaa, na kwa hesabu ya zamani ya pwani hata sehemu yake ya jioni tayari ilikuwa Ijumaa, jambo tutakalolirudia.

Lugha nyingine za Afrika zilizochota majina kwa Waarabu hazina tano mbili kwa sababu hazikuchanganya. Wahausa wanasema Laraba kisha Alhamis. Nne kisha tano. Wamalagasi wanasema Alarobia kisha Alakamisy, halafu Zoma, yaani Ijumaa, jina ambalo pia lilikuwa la soko kubwa la Antananarivo. Wasomali wanasema Arbaco kisha Khamiis. Wao walinunua seti nzima. Sisi tulinunua mbili tu na nyingine tukazichonga wenyewe.

Ukiingia bara mambo yanageuka tena, kwa sababu kule hesabu ilisimama kwenye Jumapili. Katika Kinyarwanda, Jumatatu ni kuwa mbere, ya kwanza. Alhamisi ni kuwa kane, ya nne. Ijumaa ni kuwa gatanu, ya tano. Katika Kiganda, Jumatatu ina jina la kipekee, Bbalaza, ambalo si jingine ila baraza letu. Baada yake wanaendelea na namba: Jumanne ni Lwakubiri, ya pili, hadi Lwakutaano, ya tano, ambayo ni Ijumaa, na Lwamukaaga, ya sita, ambayo ni Jumamosi.

Usidhani basi kwamba Kiswahili chenyewe kina jibu moja. Mashariki na kusini mwa Kongo utasikia siku ya kwanza kwa Jumatatu, siku ya pili kwa Jumanne, na kuendelea hadi siku ya tano kwa Ijumaa. Jumamosi ni siku ya posho, na Jumapili ni siku ya yenga au siku ya Mungu. Posho hiyo ni chakula ambacho wafanyakazi wa kampuni za enzi ya ukoloni waligawiwa kila juma, na neno lilishika kiasi kwamba katika Kilingala mposo linamaanisha Jumamosi na pia juma zima. Huko, kilichopanga siku ni ratiba ya kazi. Pwani siku zilipangwa na msikiti, Kongo zikapangwa na mgodi na ghala.

Kwa hiyo ukiulizwa siku ya tano ni ipi, uliza kwanza ni nani anayeuliza. Kwa jina la Kiswahili cha pwani ni Jumatano. Kwa Mwarabu ni Alhamisi. Kwa Mnyarwanda, Mganda na Mswahili wa Lubumbashi ni Ijumaa. Wote wanatazama siku zile zile saba, zinazofuatana kwa mpangilio ule ule.

Sabato, Ijumaa na hoja isiyosimama

Kuna hoja inayozunguka sana katika mabishano ya dini, na husemwa kwa kujiamini: "Maandiko yanasema Sabato ni siku ya saba. Jumamosi ni mosi, yaani ya kwanza. Basi siku ya saba ni Ijumaa, na Wasabato wamekosea siku." Pacha wake husema kwamba Ufufuko ulitokea siku ya kwanza ya juma, na siku ya kwanza ni Jumamosi, basi wanaosali Jumapili wamechelewa kwa siku moja.

Hoja zote mbili zinaanguka kwa sababu moja. Zimechukua namba kutoka hesabu moja na siku kutoka hesabu nyingine. Kitabu cha Kutoka kinapoitaja siku ya saba, na Injili zinapoitaja siku ya kwanza ya juma, zinatumia hesabu ya Kiyahudi, ambayo nanga yake ni Sabato. Katika hesabu hiyo siku ya kwanza ni siku inayofuata Sabato. Mathayo 28 inaeleza wazi kwamba wanawake walikwenda kaburini Sabato ilipokwisha, siku ya kwanza ya juma ikipambazuka. Sabato ya Wayahudi inaanza Ijumaa jua likizama na kuisha Jumamosi jua likizama. Ushahidi hauko kwenye vitabu peke yake. Uko kwenye majina ya siku katika lugha ambazo hazikuwahi kuulizana. Waarabu wanaiita Jumamosi as-sabt, Wareno sábado, Warusi subbota, Wagiriki Savvato. Wote wamehifadhi neno moja, Sabato, juu ya siku moja.

Wanaoadhimisha Jumamosi na wanaoadhimisha Jumapili wana hoja zao za imani, na makala hii haiamui kati yao. Ninachosema ni kwamba jina la Kiswahili haliwezi kuitwa shahidi katika kesi hiyo. Waliolitunga walikuwa wanahesabu kutoka Ijumaa, na Kutoka 20 haikuwa mezani pao.

Nani basi aliyesema juma linaanza Jumatatu?

Kalenda nyingi za ukutani hupanga siku kuanzia Jumapili, kwa urithi wa hesabu ya Kiyahudi na Kikristo ambayo Jumapili ndiyo ya kwanza. Wareno mpaka leo huiita Jumatatu segunda-feira, ya pili, na Wagiriki huiita Deftera, ya pili. Wajerumani huiita Jumatano Mittwoch, katikati ya juma, na hesabu hiyo inatimia tu ukianza na Jumapili. Warusi wao wamehesabu kutoka Jumatatu, hivyo Jumanne kwao ni vtornik, ya pili.

Desturi ya Jumatatu imepata nguvu zaidi kwa njia ya ofisi. Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa mwaka 1988 kiwango cha kuandika tarehe na muda, kinachojulikana kama ISO 8601, na ndani yake juma linaanza Jumatatu na kuisha Jumapili. Kompyuta, mashirika ya ndege na viwanda vinavyopanga kazi kwa namba za majuma hukifuata. Hapo ndipo mwisho wa juma unapopata maana yake ya leo: kazi ikianza Jumatatu, Jumamosi na Jumapili zinabaki mkiani. Kwa hesabu ya kazi Jumamosi ni ya sita, kwa jina lake ni ya kwanza. Hakuna kinachopingana. Ni nyumba moja iliyohesabiwa kutoka pande mbili.

Kiwango hicho kina kanuni moja ninayoipenda kwa sababu inaipa Alhamisi heshima ambayo kwetu imeikosa. Juma la kwanza la mwaka ni lile lenye Alhamisi ya kwanza ya Januari. Sababu ni kwamba juma likianza Jumatatu, Alhamisi inakaa katikati kabisa: tatu nyuma yake, tatu mbele yake. Mwaka wowote ulioibeba Alhamisi ndio uliobeba sehemu kubwa ya juma hilo. Chukua Januari 2027. Tarehe 1 ni Ijumaa, Alhamisi yake imekwisha kuangukia 2026, kwa hiyo tarehe 1, 2 na 3 Januari zitahesabiwa kama juma la 53 la mwaka uliopita. Mtu aliyezoea kudhani juma la kwanza lazima liwe na tarehe 1 akiona hivyo kwenye ratiba ya kazi atapiga simu kulalamika.

Kwa hiyo siku moja, Alhamisi, ni ya tano kwa jina lake, ya sita kwa hesabu ya Kiswahili inayoanza na Jumamosi, na ya nne kwa hesabu ya viwango vya kimataifa.

Turudi kwenye Agosti 2027. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 101, inaagiza uchaguzi mkuu ufanyike Jumanne ya pili ya mwezi Agosti kila mwaka wa tano. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 8 Agosti 2017 na tarehe 9 Agosti 2022. Mwaka 2027, tarehe 1 Agosti ni Jumapili. Mtu anayeichukua ibara kana kwamba imesema "Jumanne ya juma la pili" atapata shida. Kwenye kalenda inayoanza Jumatatu, tarehe 1 inasimama peke yake mkiani mwa juma la kwanza, na juma la pili linaanza tarehe 2. Jumanne yake ni tarehe 3. Kwenye kalenda inayoanza Jumapili, juma la kwanza ni tarehe 1 hadi 7, na Jumanne ya juma la pili ni tarehe 10. Katiba imekwepa mtego huo kwa kutotaja juma hata kidogo. Inahesabu Jumanne. Ya kwanza ni tarehe 3, ya pili ni tarehe 10, na haijalishi kalenda yako imechorwaje. Kwa kanuni hii Jumanne ya pili haiwezi kuja kabla ya tarehe 8 wala kupita tarehe 14 katika mwezi wowote.

Wamarekani nao wana sheria ya namna hii, iliyotungwa mwaka 1845: uchaguzi wao wa rais ni Jumanne inayofuata Jumatatu ya kwanza ya Novemba. Maneno hayo marefu yanazuia uchaguzi kuangukia tarehe 1 Novemba. "Jumanne ya kwanza" tu ingeruhusu.

Siku inaanza saa ngapi?

Kuna mkanganyiko mwingine ulio mgumu zaidi kwa sababu hausikiki. Kwa hesabu ya Kiislamu na ya Kiyahudi, siku inaanza jua linapozama. Usiku unatangulia, mchana unafuata. Ndivyo pwani ilivyohesabu pia, na ndiyo maana kwa mzee wa pwani "usiku wa Ijumaa" ni jioni ya Alhamisi baada ya magharibi. Kwa kijana aliyekulia na saa ya simu, "usiku wa Ijumaa" ni saa tatu usiku baada ya kutoka kazini siku ya Ijumaa. Mwaliko mmoja wenye maneno hayo unaweza kuwaleta wageni wawili kwa tofauti ya saa 24, na wote wakawa wamesoma sawasawa.

Waandishi wa habari wamelitatua hili kwa msemo ambao ni miongoni mwa vitu bora kabisa katika Kiswahili cha magazeti: usiku wa kuamkia. "Ajali ilitokea usiku wa kuamkia Jumatano" maana yake ni ule usiku ulioanza Jumanne jioni na kuishia Jumatano alfajiri. Huhitaji kujua mwandishi anahesabu kwa jua au kwa saa ya saa sita usiku; umeambiwa usiku ule unapakana na mchana gani. Wapo wanaodhani msemo huu ni mapambo tu, wakaufupisha kuwa "usiku wa Jumatano" ili kuokoa nafasi. Wakifanya hivyo wanairudisha ile shida iliyokuwa imeondolewa.

Mtego wa karibu na huo uko kwenye matangazo ya kazi na ya udahili: "Mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa saa sita usiku." Ijumaa ina saa sita za usiku mbili, moja inapoanza na moja inapoisha, kama unaihesabu kwa saa za serikali. Mtoa tangazo mwenye kujali huandika "Ijumaa saa 5:59 usiku" na kulimaliza jambo. Ukikutana na tangazo lililoandikwa vile vya kwanza, chukulia ni ile saa sita inayokuja mapema, yaani ya kuamkia Ijumaa, uwe salama.

Limebaki "Jumatatu ijayo". Leo ni Jumamosi, mtu anakwambia tukutane Jumatatu ijayo. Wengine watakwenda kesho kutwa, kwa kuwa ndiyo Jumatatu inayokuja. Wengine wataona ya kesho kutwa ni "Jumatatu hii", na ijayo ni ya siku saba mbele yake. Wote wanatumia Kiswahili sanifu. Chanzo ni kwamba ijayo inaweza kuelezea Jumatatu yenyewe au juma ambamo Jumatatu hiyo imo, na tumeshaona kwamba hatukubaliani juma linaanza lini; anayeliona juma jipya limekwisha kuanza leo Jumamosi hana sababu ya kuiita ya kesho kutwa kuwa ya juma lijalo. "Jumatatu ya kesho kutwa" inaeleweka na kila mtu. "Jumatatu ya tarehe 14" inaeleweka zaidi, na ina faida ya ziada: kama aliyekualika amekosea ama siku ama tarehe, utagundua mara moja kwamba haviendani, umpigie kumuuliza kabla hujafunga safari.